Dipoziti Imekunywa Rangi

Wenye nyumba wa Nairobi tuwavulie kofia. Unaingia, doa la maji liko darini tangu choo cha nyumba ya juu kilipovuja, limezeeka hadi lina pete za rangi ya chai. Ukihama, limesajiliwa kwa jina lako. "Dipoziti yako, mama, imeishia kwa rangi." Makopo mangapi? Ajabu ya fundi wake wa rangi, bili yake hulingana na dipoziti mpaka shilingi ya mwisho.

Toa picha za siku uliyohamia, utaambiwa simu za siku hizi zinadanganya. Keateka wa jengo naye, aliyekuwa akileta karai kila mvua za masika, leo hakumbuki hata kuwa kulinyesha.

Ushtaki, basi. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi ina baraza lake, ila ni la nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, hesabu ya enzi za 1981. Nairobi ya leo, chumba cha bei hiyo ni cha mabati. Dari ya kuharibu utaitoa wapi?

Mpangaji mpya keshalipa dipoziti. Rangi bado iko dukani.