Kutoka Buzi Hadi Danga

Wazazi wa Dar es Salaam wanasikitika kwamba mabinti wa leo wanatamka "danga" mchana kweupe, bila haya. Haya ipi? Zama zao mwanaume huyo huyo wa kugharimia aliitwa buzi, na alichunwa hadi kwato. Baadaye kampeni ya redioni ikambatiza fataki yule mzee anayewinda wanafunzi. Mtaa ukalipokea jina kwa vicheko, mzee akaendelea na safari zake.

Kazi kubwa zaidi ya kubatiza imefanyika kwa mwanamke wa pembeni. Alikuwa hawara au kimada, maneno yanayotamkwa mdomo umebetuliwa. Kisha akawa nyumba ndogo, hata kama kodi ya chumba alilipa mwenyewe. Sasa ni mchepuko: yaani mume wa watu alikuwa anarudi zake nyumbani salama, akakuta foleni Ubungo, akakata kona. Wanaume tumelipenda neno hili kupita kiasi. Halina mkosaji, lina barabara tu.

Akina mama wenye uwezo nao hawakuachwa. Walikuwa na kijana wa kulea, Serengeti boi. Leo wana kibenteni, jina lililochotwa kwenye katuni ya watoto, na hakuna anayeshtuka.

Kutongoza kwenyewe kulihitaji karatasi yenye maua, manukato na mdogo mtu wa kupeleka barua. Siku hizi ni "mambo" ya saa sita usiku, na jibu hili hapa: "Poa. Naomba elfu ishirini, weka na ya kutolea."