Moto wa Kapuni

Baba Salma aliinunua bunduki ile kwa ajili ya ligi ya majira ya baridi ya klabu yake hapa Leicester. Ni BSA Martini-International, iliyotengenezwa Birmingham miaka ya 1950. Haina magazini. Unashusha wenzo, kizibo kinainamisha kichwa, unasukuma ndani risasi moja ya .22 kwa kidole gumba, unarudisha wenzo, unalenga. Shabaha iko yadi 25: kadi yenye duara kumi, kila duara risasi moja, alama za juu kabisa 100.

Sheria ya Uingereza inataka bunduki itunzwe salama, asiyeruhusiwa asiifikie; Baba Salma huifungia ndani ya kabati la chuma, na ufunguo anao yeye. Mama mkwe wake alipofika kutoka Tanga aliomba kwanza kuonyeshwa kabati hilo. Akautikisa mlango wake, akaridhika.

Kitako cha bunduki kilikuwa kimekauka na kupauka. Jumamosi moja Baba Salma akakifungua, chuma akakirudisha kabatini, akakaa jikoni na ule mti wa mjozi. Alipiga msasa laini, akapaka mafuta ya mbegu za kitani kwa tambara, akasugua kwa kiganja mpaka mti ukapata joto, akafuta, akapaka tena. Mistari myeusi ikaanza kujitokeza juu ya rangi ya kahawia, watoto wakagombea zamu ya kusugua. Jioni akayakunjakunja matambara, akayashindilia ndani ya kapu la taulo chafu.

Baada ya isha Mama akatoka chumbani.

"Mkwe wangu, mbona jikoni kunanuka kama ghala la mbata?"

Amekulia Pangani, anajua kwamba mbata zisizokauka vizuri zikirundikwa hupata joto zenyewe mpaka zikafuka. Akaifuata harufu hadi kwenye kapu, akaligusa ubavuni, akaurudisha mkono upesi.

"Mwanangu, njoo! Humu mna moto!"

Baba Salma akalibeba kapu mbio hadi uani, akalipindua. Matambara ya juu yalikuwa meupe bado. La katikati lilikuwa jeusi, kingo zake zikifuka, na lilipopata hewa ulimi wa moto ukachomoza. Mama alikuwa ameshafika na ndoo ya maji.

Mafuta ya kitani hukauka kwa kuvuta oksijeni, na kazi hiyo hutoa joto. Tambara likitandazwa, joto hupotea hewani. Likikunjwa na kurundikwa, joto hukwama ndani, likazidi kupanda hadi nguo ishike moto bila kiberiti.

Asubuhi Mama akatoa sharti: matambara yaanikwe nje, moja moja, hadi yakakamae, ama yazamishwe majini ndani ya kopo la bati lenye kifuniko. Baba Salma akalikubali mbele ya watoto, kisha akampigia simu katibu wa klabu awaeleze wenzake. Klabu humfundisha kila mgeni kuelekeza mtutu kwenye shabaha na kuacha chemba wazi. Naomba sharti la Mama lifundishwe siku hiyohiyo ya kwanza, kwani wapenzi wengi wa bunduki za kale wana chupa ya mafuta haya nyumbani, na wanaolala humo hawajaambiwa.