Dagaa Walisingiziwa

Daladala ya Kihonda ilikuwa haijatoka Msamvu, Ijumaa jioni, pale kondakta alipoingiza kichwa ndani, akakitoa haraka, kisha akauliza abiria wote kwa pamoja: "Nani kafa humu?"

Hakucheka mtu. Madirisha yalifunguliwa, hata yale ambayo kwa desturi hayafunguki. Macho yakamwangukia mama mmoja aliyepakata ndoo ya dagaa, naye akaamriwa ashuke na mzigo wake. Mama hakuwa wa kushushwa kirahisi. Alifunua ndoo, akachota dagaa mkono mzima na kuwapitisha chini ya pua ya kondakta. "Hawa wa Mwanza, wamekaushwa juani, wananukia. Mnuseni huyo mrembo wenu wa nyuma."

Mrembo wa nyuma alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha kilimo mkoani Morogoro, kavaa sare ya kitenge, anakwenda kicheni pati ya binamu yake. Abiria wa jirani alijitolea kuhakikisha. Alinusa mara moja, akahama siti bila kusema neno, na ushahidi ukawa umekamilika. Binti alishushwa. Nauli ilibaki kwa kondakta. Binti alifika kwenye sherehe kwa miguu, na huko shangazi yake akampokea kwa upendo wote, akamtafutia kiti nje, karibu na jenereta. "Kaa hapa, mwanangu, upate upepo."

Chanzo cha yote ni pipa.

Katika bustani ya kilimo hai ya chuo hicho, chini ya mwembe, kuna pipa la lita 200 ambalo wanafunzi hulizungukia kwa mbali kama wana hiari. Bustani hai hailishwi urea wala DAP. Kiwango cha bidhaa za kilimo hai cha Afrika Mashariki, kilichopitishwa mwaka 2007 na kinachosimama nyuma ya alama ya Kilimohai, hakiruhusu mbolea ya kutengenezwa kiwandani. Lakini mchicha haujui viwango, unataka naitrojeni yake. Ndipo inapoingia alizeti pori, ile yenye maua ya njano inayojiotea kandokando ya barabara na watu wakaiona takataka. Mmea huu asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Watafiti waliouchunguza magharibi mwa Kenya miaka ya 1990 walikuta majani yake mabichi, yakishakaushwa na kupimwa, yana naitrojeni ya takriban asilimia 3.5, na potasi zaidi ya hapo. Ni mbolea inayoota bure kwenye mitaro.

Matayarisho yake ni rahisi. Majani hukatwakatwa, hujazwa ndani ya kiroba, kiroba hufungwa kamba na kuning'inizwa kwenye mti uliolazwa juu ya mdomo wa pipa lenye maji. Kila baada ya siku chache mtu hushika kamba na kukichovya juu chini kama kifuko cha chai. Mwanzoni hakuna ubaya. Bakteria wanaopumua oksijeni hufanya kazi kwa adabu, ila oksijeni iliyomo majini ni kidogo na huisha mapema. Hapo zamu huchukuliwa na bakteria wasiohitaji hewa, na hawa ndio mafundi. Wanatoa amonia. Wanatoa salfaidi ya haidrojeni, ile ya mayai viza, ambayo pua ya binadamu huigundua hata ikiwa chini ya sehemu moja katika sehemu milioni za hewa. Wanatoa pia asidi ya butiriki, ambayo msomaji ameshakutana nayo katika siagi iliyochacha na katika matapishi. Wiki mbili zikipita, pipa limeiva.

Mchana wa Ijumaa hiyo kamba, iliyokuwa na uzee wake, ilikatika. Kiroba kilicholowa kikadondoka pipani kwa uzito wake wote, na maji yakapanda moja kwa moja hadi kichwani mwa binti aliyekuwa akikichovya, kwenye rasta alizosukwa jana yake.

Alioga. Alisugua kwa sabuni, kisha kwa limau, na hapa kemia ilimsaliti. Limau hupambana na amonia kwa sababu amonia ni besi. Asidi ya butiriki ni asidi mwenzake limau. Limau halina ugomvi nayo. Rasta nazo ni nyuzi nyingi zilizobanana, na maji yakishaingia katikati hayatoki kwa kuombwa.

Ajabu kubwa zaidi, hata hivyo, iko puani. Pua ikikaa na harufu moja kwa dakika kadhaa huanza kuizoea, na ubongo huacha kuitangaza. Basi wenzake wa chumbani, ambao wote walikuwa zamu moja naye bustanini, walimzunguka, wakamnusa kwa makini, wakaapa kwamba hanuki kabisa. Hawakusema uongo. Bweni zima lilikuwa limeshaacha kunusa.

Mengine ya wiki hiyo bustanini ni madogo. Dawa ya pilipili na mwarobaini ilinyunyizwa upepo ukija upande wa mnyunyizaji. Tumbili walichukua karoti. Nyanya zilimalizwa na kantangaze, nondo mwenye asili ya Amerika Kusini aliyeripotiwa nchini mwaka 2014.

Lililo kubwa ni hesabu. Wanafunzi hawa hulipa ada ya mafunzo kwa vitendo, yaani wanalipa ndipo waruhusiwe kusukuma toroli la samadi. Gambuti wanajinunulia. Mboga wanazozilima huuzwa dukani hapo chuoni kwa bei ya juu kuliko ya sokoni, kwa kuwa ni hai, na wanunuzi ni wafanyakazi na wageni wanaofika kwa magari. Mwanafunzi aliyebeba maji ya kumwagilia mchicha huo hula ugali na maharage bwaloni, na akiutaka mchicha apange foleni na noti mkononi. Siku ya wageni huitwa avae fulana ya chuo na kueleza faida za pipa. Mapato ya duka hajawahi kusomewa.

Kamba mpya, glavu na kofia za plastiki za kufunika nywele ni vitu vya bei ndogo. Mchicha wa msimu huu umeshauzwa, fedha ipo. Uongozi ununue kabla zamu nyingine haijaingia bustanini.