Njoo Alhamisi

Watu wasiowahi kukaa nyuma ya cherehani hudhani kwamba fundi akikwambia "njoo Alhamisi" anakudanganya. Wanatuonea. Hayo ni makadirio, na kwenye makadirio hata wahandisi wa madaraja hukosea, sembuse mshona nguo wa barazani. Mimi nashona hapa Ngamiani, Tanga, kwa cherehani ya miguu niliyoifunga mota, ovaloki ya kuazima, na daftari la vipimo lililomwagikiwa chai mpaka viuno vya watu vimeingiliana na mabega yao. Kuna wakati nilijaribu kusema kweli. Kijana alileta kitambaa cha suruali, nikamhesabia kazi zilizomtangulia, nikamwambia wiki tatu. Akakikunja kitambaa chake kwa adabu, akavuka barabara, akaenda kwa fundi wa ng'ambo. Fundi wa ng'ambo akamwambia Alhamisi. Suruali ikachukua mwezi mzima, lakini kianzio kilikuwa kishaliwa, na hakikuliwa na mimi.

Siku yenyewe hatukuiokota tu. Ijumaa kuna sala, Jumamosi kuna harusi, Jumapili wengine wako kanisani na wengine wamelala. Kila mteja anataka nguo yake kabla ya hayo yote. Basi mji mzima unachukua nguo siku moja, na wiki haijawahi kuwa na Alhamisi mbili.

Mpwa wangu anasoma uhasibu chuoni. Likizo yake iliangukia Ramadhani, akaja kunisaidia kutia vifungo. Akakaa pembeni akawatazama wateja wanavyofika na salamu ndefu, na wanavyoondoka bila hata kuaga. Jioni akasema, "Mjomba, shida yako si wingi wa kazi. Huna vipaumbele." Akaichukua chaki yangu ya kukatia, akachora mraba mkubwa juu ya meza, akaugawa vyumba vinne. Cha kwanza ni cha kazi muhimu na za haraka, cha pili muhimu lakini si za haraka, cha tatu za haraka lakini si muhimu, na cha nne ni za kutupa.

Akanieleza kwamba chanzo chake ni Eisenhower, rais wa Marekani, ambaye mwaka 1954 alimnukuu katika hotuba mkuu mmoja wa zamani wa chuo, aliyesema kuwa matatizo yake ni ya aina mbili, ya haraka na ya muhimu, na kwamba hayo mawili hayakutani. Nikauliza kama huyo mzee Eisenhower aliwahi kudaiwa gauni la bibi harusi. Mpwa akajibu kwamba alidaiwa zaidi ya gauni: ndiye aliyeongoza majeshi yaliyotua Normandy mwaka 1944. Walipanga kutua tarehe 5 Juni, hali ya hewa ikachafuka, wakatua tarehe 6.

"Kumbe na yeye aliwaambia watu waje kesho," nikasema.

Asubuhi yake tukaanza kupanga mafurushi. Kila furushi kwangu hufungwa kwa utepe wa kitambaa chake lenyewe, na ndani yake kuna karatasi ya jina na vipimo. Ilipofika adhuhuri, chumba cha kwanza kilikuwa kimejaa mpaka kwenye viwiko, maana ni nani atashona nguo ya Idi ambayo si muhimu? Chumba cha nne kilikuwa na kitu kimoja tu, kitambaa cha kanzu yangu mimi mwenyewe.

Akatokea mama mmoja wa barabara ya pili. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yako mezani. Akauliza michoro ile ni ya nini. Mpwa, kwa utiifu wote wa chuoni, akamfafanulia chumba hadi chumba. Mama akainama, akapekua, akakikuta kijora chake chumba cha tatu.

"Si muhimu kwa nani?" akauliza.

Hakungoja jibu. Alikichukua akakiweka chumba cha kwanza, juu ya vyote. Halafu, kwa kuwa alikuwa keshainama, akakitoa kijora cha mke mwenzake kutoka chumba kile kile cha kwanza na kukilaza chumba cha nne, karibu na kanzu yangu. Akaaga vizuri sana.

Habari ikaenea. Kesho yake watu hawakuja kuulizia nguo, walikuja kuulizia vyumba. Mwalimu mmoja mstaafu alitaka kujua ni nani aliyemweka chumba cha pili na kwa vigezo gani. Kufikia alasiri tulikuwa tumeifuta ile chaki, na nafsi zetu zikatulia kidogo.

Mpwa hakukata tamaa. Mtoto wa dada yangu ana ukaidi wa mama yake. Akaja na fomula ya pili: kazi fupi kwanza. Hii, akasema, imethibitishwa kwa hesabu tangu mwaka 1956 na mtu aitwaye W. E. Smith. Ukianza na kazi fupi ukamalizia na ndefu, wastani wa muda ambao watu wote wanasubiri unakuwa mdogo kuliko kwa mpangilio mwingine wowote. Nikajaribu, na lazima niseme haki: wateja walifurahi. Zipu, pindo, kupunguza kiuno, kurudishia kifungo, watu waliingia na kutoka kama kwenye mashine ya kusaga. Ila hesabu ya huyo bwana inachukulia kwamba kazi zote zimeshafika mezani. Kwangu, kazi fupi huzaana. Ukimtengenezea mtu zipu saa nne, saa tano amerudi na zipu ya shemeji yake. Gauni la harusi lenye marinda na bitana lilibaki limekunjwa kwenye rafu, limeonewa na wastani.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijakiona kwenye vyumba vya Eisenhower. Kazi zangu zimegawanyika mara mbili tu: zenye mdomo na zisizo na mdomo. Pindo la dakika kumi lina mwenyewe amesimama mlangoni, anakohoa, anatazama saa, anasema ana gari la Korogwe. Gauni kubwa halina mtu. Mwenyewe yuko nyumbani anajua ameacha kazi mikononi mwa fundi. Kazi isiyo na mdomo haishindi hata mara moja, iwe na thamani gani. Rafiki yangu wa ofisini ananiambia kwao ni vile vile. Ripoti ya mwaka haijawahi kumpigia simu mtu, lakini anayetaka barua ndogo tu ya utambulisho anapiga mpaka betri inaisha.

Ukiniuliza mimi mpango wa kweli wa fundi, nitakwambia ni rangi ya uzi. Kubadili uzi si jambo la kufumba na kufumbua. Utoe wa juu, utoe bobini, ujaze bobini ya rangi nyingine, utunge sindano kwa macho haya ya umri huu, ushone kwanza kwenye kipande cha taka kuangalia kama uzi unakaza au unalegea chini. Kwa hiyo asiyetaka kupoteza muda hushona nyeupe zote kwa pamoja, kisha nyeusi zote, kisha anaingia kwenye marangirangi. Ni mpango mzuri kuliko yote niliyofundishwa, na hautangaziki. Mwambie mteja kwamba gauni lake linangoja kwa sababu ni la zambarau, uone.

Na mpango uwe mzuri vipi, Ramadhani ina mwisho wake. Mpwa wangu ana kalenda kwenye simu, kila shughuli na rangi yake. Akaniuliza Idi ni lini ili aiandike.

"Jumatano au Alhamisi," nikamjibu.

Akasubiri nimalize sentensi. Sentensi ilikuwa imekwisha. Mwezi wetu una siku 29 au 30, na ni zipi hujulikana jioni ya tarehe 29, jua likishazama. Siku nzima ya kazi, saa ishirini na nne za cherehani, inaning'inia pale angani. Jioni ile watoto walikuwa wanaomba mwezi uandame, redio zote zimefunguliwa kusubiri tangazo la Mufti, na mimi, Mola anisamehe, nilikuwa naomba wingu. Mwezi ukaandama. Ya usiku ule siyasimulii. Yupo mtu aliyekwenda kuswali Idi na suruali iliyoshikwa pindo kwa pini, nikamsihi arukuu taratibu.

Baada ya Idi huja harusi, na kwenye harusi wateja wa hapa wamekwisha kutujua. Shughuli ikiwa tarehe 20, fundi anaambiwa tarehe 10. Fundi akiambiwa 10, anaandika 18. Mteja anajua kwamba fundi anaongeza, basi mwaka unaofuata anasema tarehe 5. Tunaishi hivyo kwa kuelewana. Mpango huo unavunjwa na mtu mmoja tu, mkweli. Binti mmoja wa Muheza, mgeni wa mji, alikuja akasema harusi yake ni Jumamosi. Mimi nikasikia Jumamosi ya mbele yake.

Ijumaa baada ya Magharibi gari likasimama mbele ya baraza. Akashuka bibi harusi analia, wakashuka mashangazi, akamalizia kushuka shangazi mkubwa, mwenye kanga kiunoni. Hakupiga kelele. Aliuliza gauni liko wapi. Nikamwonyesha: limekatwa, halijaungwa, bitana bado iko dukani na duka limefungwa. Akavigusa vipande kimoja kimoja, akageuka.

"Wewe nenda kwa mwenye duka, analala juu pale pale, mgongee. Wewe shika pindo la chini. Wewe washa pasi. Wewe mtoe bibi harusi hapa, asililie kitambaa cheupe. Fundi, unga mabega kwanza, na usiongee."

Umeme ulipokatika saa tano usiku, hakuuliza utarudi lini. Aliinama, akautoa mkanda wa mota, akarudisha ule wa miguu, akaegemeza simu yenye tochi kwenye mkebe wa vifungo. Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi, anaandika kila kitu.

"Mjomba," akaninong'oneza, "huyu anatumia mbinu gani?"

"Na wewe mwenye simu," akasema shangazi bila kugeuka, "njoo utoboe matundu ya vifungo."