Kahawa, Kasha na Jeneza

Ukitaka kuishi kwa raha Mbinga, usijulikane kuwa una kamusi ya Kiingereza. Mimi najulikana. Msimu wa kahawa ukianza tu, mlangoni kwangu watu hawakauki: huyu ana karatasi ya mnunuzi, yule ana kipeperushi cha dawa ya kutu ya majani. Mmatengo alibuni ngoro, yale mashimo yanayozuia mvua isiondoke na mlima mzima, bila kusoma waraka wowote. Leo kuuza gunia lake mwenyewe lazima apitie kwangu.

Na kamusi yenyewe haina huruma. Tangu Frederick Johnson atoe ya kwake ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1939, hadi Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) walipotoa yao 1996, utaratibu ni uleule: herufi kwanza, maana itajijua. Ndiyo maana coffee kapangishwa chumba jirani na coffer, na mlango unaofuata amelala coffin. Kahawa, kasha la fedha, jeneza. Mzee mmoja wa mtaani alitaka nimsomee yote matatu, maana hakuwa na haraka. Nilipomaliza akavaa kofia yake. "Mwanangu, kumbe Waingereza walijua zamani. Unalima, unaota kasha, unazikwa." Kwa bei ya msimu ule, ningembishia kwa lipi?

Afadhali coffee. Jaribu parchment. Kila mkulima hapa anaijua pachimenti: kahawa iliyomenywa, ikachachushwa, ikaoshwa, ikaanikwa, imebaki na ganda lake jepesi. Kamusi yangu inasema ni ngozi ya mnyama ya kuandikia. Mama aliyeniuliza alinitazama kuanzia miguuni. "Mwalimu, yaani mimi miaka yote nauza ngozi?" Moisture nayo, unyevu ule unaoshusha daraja la kahawa, haiko mbali na molar, ambalo ni gego. Sasa mweleze mtu kwamba gunia lake limekataliwa kwa sababu ya gego.

Utasema nishuke Mbamba Bay nikapumzike ufukweni. Huko nako alfabeti imefika kabla yangu. M na N zinapakana, basi ng'ambo wanasema Ziwa Malawi, sisi tunasema Nyasa. Wenzetu wameshikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, wanasema mpaka uko kwenye mchanga wetu; sisi tunasema uko katikati ya maji. Wavuvi wa usipa wa Liuli wanavua kwenye herufi zote mbili, na usipa hawajawahi kulalamika.

Lakini kisa kilichonichosha kabisa ni cha pulp. Mashine ya kumenyea kahawa ya kikundi fulani huku milimani iliharibika, ikaja barua ya fundi, kwa Kiingereza bila shaka. Mimi sikuwepo. Kijana wa kidato cha pili akaazima kamusi kwa mke wangu, akatafuta pulp, jicho likateleza mstari mmoja likatua kwenye pulpit. Akasimama mbele ya wanachama, Wakatoliki watupu, akawatangazia kwamba mimbari imevunjika na inahitaji bolti mpya.

Fedha ilipatikana siku ileile. Kwa ajili ya mashine walikuwa wanaombwa tangu mwaka jana.