Karani Aliyefuta Madeni

Ajabu ya baadhi ya makarani wa kompyuta wa zama hizi ni kwamba, wakifungua pg_depend, yaani lile daftari ambamo hifadhidata ya PostgreSQL huandika kitu kipi kinategemea kipi, na wakaona kanuni ya viu moja, ambayo ni swali lililohifadhiwa likatazamwa kama jedwali, imeandikwa mara tatu mbele ya jedwali lile lile, hawaulizi sababu, bali hupiga mayowe kuwa daftari limerukwa na akili, kisha huandika amri ya DISTINCT, na mistari miwili ikatoweka kama moshi.

Laiti wangalisubiri kidogo wakaitazama safu ya refobjsubid, wangalitambua kuwa viu ile husoma safu tatu za jedwali, na kila safu imepewa mstari wake kwa insafu, pasipo ziada wala dosari. Mwenye duka akikuandika mara tatu, kwa sukari, kwa mchele na kwa mafuta, hakufanya marudio. Ameandika madeni, na karani atakayeyafuta mawili kwa kupenda unadhifu wa kurasa atawafurahisha wadaiwa peke yao.

Basi karani wetu wa kompyuta, akiisha kuridhika na orodha yake, siku moja huifuta safu moja ya jedwali kwa amri ya CASCADE, na viu nzima ikaenda nayo, naye akabaki kuilaumu mashine.

Ewe msomaji, kabla hujafuta marudio, hakikisha kwanza kuwa ni marudio.