Njia za Mkato za Mkata

Jumatatu asubuhi kompyuta ya Mama Kanga iliamka ikidai kuwa leo ni tarehe 1 Januari 2009.

Wanyama wa Mkata hawakushtuka sana. Ukikaa njia panda, mabasi ya Dar es Salaam yakikupita kwenda Segera na barabara ya Handeni ikichepuka mbele ya macho yako, unazoea habari zilizochelewa. Ila steshenari ya Mama Kanga ndiyo pekee iliyokuwa na intaneti, na dirisha la kuomba mikopo ya wanafunzi lilikuwa linafungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Tumbiri alikuwa wa kwanza kwenye foleni, vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki. Kila alipofungua tovuti, kioo kilimwandikia kwamba muunganisho si salama, kikamshauri arudi alikotoka. Alikotoka ni Kwamsisi, kwa miguu.

Akaitwa Fisi.

Fisi alikuwa fundi. Alisomea wapi, hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa sababu mfukoni mwa shati alichomeka bisibisi tatu, moja ikiwa na taa. Aliegemeza sikio kwenye sipiyu, akafumba macho, akatikisa kichwa polepole.

"Mama, mmechelewa kuniita."

(Popote Tanzania, sentensi hiyo peke yake ni shilingi elfu kumi.)

"Imeshambuliwa," akaendelea. "Hapa ni kupiga windo."

Kupiga windo, kwa msomaji ambaye hajawahi kutozwa, ni kufuta mfumo mzima wa kompyuta na kuupakia upya. Ni dawa halali, na yapo maradhi yanayoitaka. Tatizo la Fisi ni kwamba aliigawa kama panado. Kompyuta nzito: windo. Spika kimya: windo. Kuna wakati Nguruwe alimpelekea kompyuta mpakato iliyokuwa inaandika namba badala ya herufi. Ikarudi baada ya siku mbili inaandika vizuri, Nguruwe akalipa elfu thelathini na kushukuru. Hakuambiwa kwamba Fisi alibonyeza kitufe cha Num Lock mara moja, kisha akaenda kulala.

Basi mashine ya Mama Kanga ikapelekwa Segera, ikakaa siku tatu, ikarudi safi kama mfupa uliolambwa. Mihtasari ya vikao haimo. Orodha ya michango ya harusi ya Nungunungu haimo, na hapo ndugu wawili wakaacha kusalimiana hadi leo. Picha za pasipoti za darasa la saba, hakuna. Jioni ile tarehe ilisoma sawasawa. Asubuhi Mama Kanga alipochomeka waya ukutani na kuiwasha, ikawa 1 Januari 2009.

"Madabodi imekufa," Fisi akasema, bila hata kuinama. "Laki mbili, na lazima nifike Korogwe."

Mkutano ukaitishwa chini ya mwembe. Popo alisema ni jini, na mnajua wenyewe kwamba Handeni ina sifa zake kwenye mambo hayo, kwa hiyo nusu ya mkutano iliafiki. Nondo akaomba nafasi, akajipangusa mbawa, akasema kwa fahari kwamba ukoo wake ndio wenye historia na mashine hizi: tarehe 9 Septemba 1947 mmoja wao alikutwa amenasa ndani ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, akabandikwa kwa selotepu kwenye daftari la mafundi, na daftari hilo limewekwa makumbusho. Kwa hiyo atafutwe mdudu. Akapigiwa makofi, habari ilikuwa tamu. Mwenyekiti Nyani akafunga hoja: kila kaya itoe elfu tano, Fisi aende Korogwe. Pesa zikakusanywa palepale, Fisi akapanda basi la saa nane.

Babu Kobe alifika mkutano ukiisha. Alikuwa ametoka nyumbani tangazo lilipopigwa, juzi.

Ni mzee. Mwaka 1964, mitambo ya umeme ya Hale ilipoanza kuzungushwa na maji ya Mto Pangani, yeye alikuwa ukingoni anatazama, na alikuwa mzee tayari. Kompyuta alijifunza uzeeni, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, mwaka 2004. Huko ndiko alikopata tabia moja ya ajabu: kioo kikiandika kitu, anakisoma. Sisi wengine tumezoea ujumbe kuja kwa lugha ya wenyewe, tunabofya kilipo kitufe ili utuondokee.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Jioni unaizimaje?"

"Nazima, nachomoa waya ukutani. Umeme unacheza, naogopa usije ukaniunguzia."

"Ukiirekebisha tarehe, mchana kutwa inakaa?"

"Inakaa."

"Na asubuhi inakwambia tarehe ipi?"

"Ileile. Mosi Januari, elfu mbili na tisa."

"Kila siku ileile?"

"Kila siku, Babu."

"Basi si jini," Kobe akasema. "Jini angebadilisha."

Akaomba bisibisi. Wakafungua ubavu wa sipiyu, vumbi jekundu la Mkata likamwagika kama unga, Mama Kanga akaona aibu, akaenda kuleta brashi ya rangi. Chini ya vumbi, katikati ya ile bodi ya kijani, kulikuwa na kitu cha duara kinachong'aa, ukubwa wa kifungo cha koti. Kimeandikwa CR2032. Ni betri ya volti 3, na kazi yake ni kuihesabia mashine saa na tarehe wakati haina umeme wa ukutani. Imekaa humo miaka inahesabu, imechoka, imekufa. Mashine ikichomolewa usiku inasahau, na asubuhi inaanza na tarehe iliyowekewa na walioitengeneza.

"Na tovuti inakataa kwa nini?" Tumbiri akauliza. Yeye mambo ya betri hayakumhusu.

"Umewahi kusafiri na lori la mkaa?"

"Nimewahi kudandia."

"Kibali kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Tovuti nayo ina cheti chenye tarehe mbili. Sasa wewe unamwonyesha mlinzi wa geti kibali cha mwaka huu, naye akilini mwake ni 2009. Anaona hicho kibali hakijaanza hata kutumika. Atakupitisha?"

Betri ilipatikana kwa fundi saa wa stendi, kwa bei isiyofika sahani ya chipsi mayai. Kobe alikibinya kishikizo kwa ukucha, ile ya zamani ikaruka. Akaiweka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Tarehe ikawekwa. Waya ukachomolewa makusudi, wakanywa chai, wakauchomeka tena. Siku ilikuwa ileile waliyoiacha kabla ya chai. Tumbiri alituma maombi yake Alhamisi, saa tano usiku.

Mngedhani watu walifurahi. "Kumbe ni hivyo tu?" Pundamilia aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Wengi walikuwa na hisia hiyohiyo. Ugonjwa wa laki mbili una heshima yake. Ukiugua ugonjwa wa kifungo cha koti utasimulia nini? Babu Kobe alilipwa asante. Fisi aliporudi kutoka Korogwe na mkoba mtupu, akaambiwa mashine imepona, alisema hayo ni matokeo ya kazi aliyoanza yeye, na wakamwita Injinia kuanzia hapo.

Sasa ije habari ya flashi.

Miezi miwili Mwenyekiti Nyani alikuwa hajasoma mapato na matumizi ya mchango wa lambo. Kila akiulizwa anajibu kwamba kirusi kimekula faili. Baada ya mambo ya betri, wanakijiji wakaanza kuuliza kwa sauti ya juu kidogo, naye akaamua kuwanyamazisha kwa ushahidi. Alikuja steshenari mwenyewe na flashi yake, akiwa na Injinia Fisi pembeni, akamwambia Mama Kanga aichomeke mbele ya watu wote.

Ikachomekwa. Mafolda kumi na moja yakatokea, kila moja na kamshale kadogo kwenye kona, kila moja kilobaiti moja. Hayakuwa mafolda. Yalikuwa njia za mkato.

"Mnaona?" Nyani akasema. "Zimebaki njia, mji haupo."

Utani wa njia ya mkato na Mkata ulipigwa dakika kumi nzima, nami nausamehe. Fisi akatoa hukumu kwamba hapo ni fomati tu, akaitaja na bei. Kobe, aliyekuwa bado hajamaliza kuondoka tangu siku ya betri, akauliza akiwa mlangoni:

"Flashi yenyewe ina nafasi gani?"

"Gigabaiti nane," Mama Kanga akasoma.

"Zilizotumika?"

"Sita."

"Vitu kumi na moja vya kilobaiti moja vinajazaje gigabaiti sita?"

Kimya. Fisi akachomoa bisibisi yenye taa, akairudisha.

"Kirusi hakijala," Kobe akasema. "Kimeficha. Hicho kimeenea kwenye kila steshenari, kinaficha mafolda yenyewe na kuweka njia za mkato mahali pake ili ubofye, nacho kiingie kwenye kompyuta yako. Msizibofye. Mama Kanga, fungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri. Flashi imejiita herufi gani?"

"E."

"Andika ninavyokutajia." Akamtajia herufi kwa herufi, Mama Kanga akidonoa kibodi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

"Hiyo h ni kufichwa. Hiyo r ni kukatazwa kurekebishwa. Hiyo s ni kujifanya mali ya mfumo. Alama ya kutoa mbele ya kila moja: tunayavua yote matatu."

Sikumbuki kama Nyani alikohoa kabla au baada ya Mama Kanga kubonyeza kitufe cha kuingiza. Mafolda yakarudi moja moja, ya njano, bila mshale. Picha za Nyani akiwa Tanga ufukweni. Barua. Halafu mawili yaliyokaa jirani, moja linaitwa Mapato na Matumizi, la pili linaitwa Mapato na Matumizi ya Kusomea Wananchi.

Mama Kanga ni mwanamke wa biashara. Mteja akija na flashi, yeye hufungua cha kwanza na kuagiza kichapwe, mkono umezoea. Akaagiza. Printa ikatoa mlio mmoja, ikanyamaza, taa nyekundu ikawaka. Nyani alikwisha rukia meza. Aling'oa flashi bila hata kuiaga kompyuta, akatangaza kwamba nyaraka za ofisi haziguswi na raia, kwamba kirusi bado kimo, tena cha hatari, na kwamba Injinia Fisi ameteuliwa Mshauri wa Teknolojia wa kijiji kuanzia saa hiyo. Jumatatu iliyofuata flashi ilipigwa fomati. Ukitaka kujua gharama, ni laki tatu, matengenezo ya kompyuta.

Jioni ile, watu wametawanyika, Mama Kanga alibaki na printa yake yenye taa nyekundu. Alitaka kumwita mtu, akakumbuka wito wa mwisho ulimgharimu nini. Akazima, akafungua mlango wa nyuma, akaona kona ya karatasi imejikunja kwenye roli. Aliishika kwa mikono miwili, akaivuta taratibu kuelekea upande karatasi inakotokea, ikatoka nzima bila kuacha kipande. Akafunga, akawasha. Printa ikaguna, ikajinyoosha. Flashi ilikuwa imeondoka, lakini agizo lilikuwa bado kwenye foleni ndani ya kompyuta, likingoja zamu yake. Kurasa kumi na nne.

Hakuwa ameombwa kurasa hizo na hakuna aliyekuja kuzilipia. Karatasi ilikuwa nzuri, upande mmoja mweupe. Akamuuzia Mama Kicheche anayeuza karanga stendi, naye akazikata, akazisokota pembe za karanga kama kawaida. Kwa shilingi mia mbili abiria wa Arusha walipata karanga za kukaanga na ukurasa wa tatu, ule wa posho. Dereva wa lori la machungwa alipata ukurasa wenye jina la Fisi mara nne. Hadi kufika Jumamosi Mwenyekiti alikuwa anatuma watoto kununua karanga asubuhi na jioni, anazimwaga chini na kunyoosha karatasi. Amepata vipande vya kurasa kumi na tatu. Ukurasa wa saba, ambao una jumla, haujaonekana.

Wewe uliyepita Mkata na basi ukanunua karanga dirishani, kama karatasi hujaitupa, igeuze usome.